Ramani ya Mafuriko Isipokelewe Bila Dhana Zake

Mvua kubwa zinaponyesha na mito ikafurika, watu wa kwanza kuitwa ni askari wa jeshi na polisi. Kabla ya kikosi kuondoka kambini, kamanda hukabidhiwa ramani iliyopakwa rangi ya buluu mahali ambapo maji yanatazamiwa kufika. Maoni yetu ni kwamba ramani hiyo isipokelewe kama amri. Hiyo ni hesabu tu, na kila hesabu ya namna hiyo imesimama juu ya dhana. Kamanda azijuaye dhana hizo ataongozwa na ramani. Asiyezijua atapotezwa nayo.

Mtaalamu anayetumia kompyuta kuiga mafuriko ya tuta lililobomoka hana budi kuamua mambo ambayo bado hayajatokea. Tuta litabomoka wapi, na saa ngapi? Litamomonyolewa na maji yapitayo juu yake, ama litatobolewa na maji yapenyayo chini yake? Pengo litapanuka kiasi gani, na kwa muda gani? Majibu yake ndiyo yanayoamua mji upi uzame na upi upone. Upana wa pengo ukizidi mara mbili, maji yanayopita nayo huzidi mara mbili. Lakini kimo cha maji juu ya kizingiti cha pengo kikizidi mara mbili, maji hukaribia kuzidi mara tatu. Tena, pengo lifungukalo kwa dakika chache haliwapi watu nafasi ya kukimbia, hata kama mwishoni litakuwa na upana ule ule wa pengo lililofunguka kwa saa nyingi.

Mji wa New Orleans, Marekani, ulilipa gharama ya jambo hili. Mwezi Julai 2004 wakuu wa huko walifanya zoezi la tufani ya kubuni iliyoitwa Pam. Zoezi hilo lilitazamia mafuriko makubwa sana, lakini dhana yake ilikuwa kwamba maji yatamwagika juu ya matuta, na matuta yenyewe yatasimama. Tarehe 29 Agosti 2005 ikaja tufani ya kweli, Katrina. Matuta na kuta zikabomoka mahali panapokaribia 50. Uchunguzi wa wahandisi uliosimamiwa na jeshi la Marekani ulionyesha kwamba katika sehemu nne misingi ilishindwa kabla maji hayajafika juu ya ukuta.

Tofauti hiyo si ndogo. Maji yamwagikayo juu ya tuta hukoma tufani ikipita. Maji yapitayo katika pengo hayakomi: yale ya ziwa Pontchartrain yaliendelea kuingia mjini hadi kimo cha mafuriko na kimo cha ziwa vikawa sawa. Kiasi cha asilimia 80 ya mji kilifunikwa. Wachunguzi waligundua pia kwamba baadhi ya kuta zilikuwa chini kuliko ilivyodhaniwa, kwa kuwa vimo vilipimwa kutokana na alama zisizolingana na usawa halisi wa bahari.

Askari nao hawakusalimika. Makao makuu ya askari wa Ulinzi wa Taifa wa jimbo la Louisiana, katika kambi ya Jackson Barracks, yalifurika. Waliotumwa kuokoa wengine wakajikuta wanatafuta njia ya kujiokoa wenyewe, na makao yakahamishiwa katika uwanja wa michezo wa Superdome.

Somo hili si la mbali nasi. Mto Nzoia unateremka kutoka Mlima Elgon na milima ya Cherangani hadi Ziwa Victoria, na watu wa Budalangi nchini Kenya huishi nyuma ya matuta yake. Mwezi Mei 2020 ziwa hilo lilipanda kupita kimo cha 1964. Hesabu inayochukulia kwamba ziwa liko katika kimo chake cha kawaida itaonyesha maji yakiondoka upesi, hali ziwa lililojaa huyazuia yasitoke.

Wako watakaosema kwamba kamanda hana nafasi ya kubishana na wataalamu. Sisi hatusemi abishane. Bila dhana hakuna hesabu, wala mtaalamu halaumiwi kwa kudhani. Lawama iko katika kuificha dhana. Tangu chuo cha mafunzo ofisa hufundishwa kutenga yale anayoyajua juu ya adui na yale anayoyakisia. Maji nayo yastahili kupimwa hivyo hivyo.

Kwa hiyo twataka mambo manne. Kwanza, kila ramani ya mafuriko iandikwe wazi dhana zake: mahali pa kubomoka, upana wa pengo, muda wa kufunguka, na kimo cha maji ya mto na ziwa. Pili, vikosi vipewe ramani zaidi ya moja, na ile ya hali mbaya kuliko zote isikosekane. Tatu, mashua, petroli na simu za upepo ziwekwe nje ya buluu ya ramani hiyo mbaya. Nne, askari wa doria katika matuta wafundishwe dalili za hatari. Maji yakionekana kutoka chini ya tuta yakiwa na matope, udongo wa ndani unachukuliwa, na habari hiyo ifike kwa mkuu wa kikosi saa ile ile.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa kwanza umo katika hesabu, na kuuziba kunahitaji swali moja tu la kamanda kabla ya kutia sahihi: “Hapa mmedhani nini?” Askari wetu wana haki ya kujibiwa, maana ndio watakaoingia majini.