Lodwar hadi Mandera, kupitia Nairobi

JICHO LA KASKAZINI
Na Rukia Galgalo

Andika Lodwar na Mandera kwenye kikokotoo chochote cha umbali mtandaoni, kitakujibu papo hapo: kilomita 700 hivi, saa moja na nusu kwa ndege ya rafadha. Hesabu ni sahihi. Kasoro ni kwamba ndege hiyo haipo.

Miji yote miwili ina uwanja, lakini ndege zake za abiria zimezoea njia moja tu, ya Nairobi. Anayetoka Lodwar huruka kilomita 510 kuelekea kusini, kisha nyingine 810 kurudi kaskazini mashariki. Jumla ni 1,320, karibu maradufu. Angani atakaa kama saa tatu. Ratiba zisipopatana, aongeze usiku wa hoteli, na pengine teksi ya kutoka uwanja wa JKIA hadi ule wa Wilson katikati ya msongamano wa magari tunaoujua sote.

Apande basi? Katikati kuna Ziwa Turkana, urefu wake kama kilomita 250, tena halina daraja, halafu jangwa la Chalbi. Na tangu basi liliposhambuliwa nje ya Mandera Novemba 2014 na watu 28 kuuawa, mtumishi wa umma anayepanda ndege huko hafanyi anasa.

Mtaniuliza: ni nani mwenye shughuli Mandera akitokea Lodwar? Wachache, nakubali. Afisa wa mifugo, mwalimu aliyehamishwa na mchuuzi wa mbuzi hawajazi ndege ya viti 37. Lakini nani atajenga biashara na mji ambao nauli yake lazima ipitie mji mkuu? Kaunti za miji hii zina mengi ya kushauriana, ukame, chanjo za mifugo, mpaka wa Ethiopia, na bado zikitaka kukutana, mahali rahisi ni hoteli ya Nairobi. Ugatuzi tuliuanza 2013. Angani haujapaa.

Isiolo tuna uwanja uliofunguliwa 2017 baada ya kupanuliwa kwa pesa za umma, na mpaka leo hauna shughuli za kulingana na gharama yake. Kupitia hapo, Lodwar hadi Mandera ni kilomita 1,000. Cessna Caravan yenye viti 12 inatosha. Haina mbio, kilomita 300 na kitu kwa saa, kwa hiyo muda wa angani hautapungua. Kitakachopungua ni usiku wa hoteli. Ndege za Lodwar, Marsabit, Wajir na Mandera zikutane Isiolo asubuhi, hata mara mbili kwa wiki, zibadilishane abiria, kila moja irudi kwao.

Mashirika hayataanza bila uhakika wa abiria, wala siyalaumu. Wenye uhakika huo ni magavana, ambao maafisa wao husafiri kila mara kwa tiketi zinazolipwa na kaunti. Waheshimiwa, nunueni viti hivyo kwa pamoja, na muanze katika bajeti ijayo.