Si Kila Tumbo Linalouma Lina Vidonda

Katika shule zetu za sekondari ni jambo la kawaida kumsikia mwanafunzi aliyejishika tumbo akisema, "Mwalimu, nina vidonda vya tumbo." Ukimwuliza ni nani aliyemwambia, atajibu kwamba ni mama, au jirani, au muuzaji wa duka la dawa, ni nadra kumtaja daktari. Naye mwalimu, kwa nia njema, humkataza pilipili na maharage, humsihi apunguze mawazo, kisha humpa vidonge vya kutuliza maumivu. Maoni yangu ni kwamba kati ya mashauri hayo matatu, mawili hayagusi chanzo cha vidonda, na la tatu laweza kuwa ndilo chanzo chenyewe.

Kidonda cha tumbo ni jeraha lililochimba ukuta wa ndani wa tumbo, au wa duodeni, yaani sehemu ya kwanza ya utumbo mwembamba. Tumbo hutoa asidi haidrokloriki, ile ile tuijuayo katika maabara, na utando wa ute huukinga ukuta wake usiliwe na asidi hiyo. Kinga ikidhoofika, jeraha huanza.

Kwa miaka mingi madaktari wenyewe walilaumu mawazo na vyakula vikali. Mwaka 1979, huko Perth, Australia, Robin Warren aliona kwa hadubini bakteria waliojipinda katika vipande vya utando wa tumbo. Mwaka 1982 yeye na Barry Marshall walifaulu kuwaotesha katika maabara. Wenzao wengi hawakusadiki, wakishikilia kwamba hakuna kiumbe awezaye kustawi katika asidi kali namna ile. Mwaka 1984 Marshall aliwanywa bakteria hao. Baada ya siku chache alianza kutapika, na uchunguzi ukaonyesha uvimbe wa utando wa tumbo lake. Wawili hao walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2005. Siri ya bakteria huyo, aitwaye Helicobacter pylori, yatosha kipindi kizima cha kemia: ana kimeng'enya kinachovunja urea na kutoa amonia, nayo amonia, kwa kuwa ni besi, huzimua asidi inayomzunguka.

Maambukizo hayo hupatikana hasa utotoni, mara nyingi nyumbani, na hudumu miaka mingi. Lakini hapa ndipo wengi wanapokosea. Watoto walio wengi wenye bakteria huyo hawana kidonda chochote. Kipimo cha damu kinachouzwa kwa wepesi siku hizi huonyesha tu kwamba mwili umewahi kukutana naye. Hata kidonda kisipokuwepo, mtoto ataandikiwa dawa. Kidonda chenyewe huonekana kwa kupitisha mrija wenye kamera kinywani hadi tumboni, na huduma hiyo haipatikani kila mahali. Uhaba huo ni kweli, lakini hauhalalishi kubahatisha. Matibabu ya bakteria huyo huunganisha dawa ya kupunguza asidi na antibiotiki angalau mbili, kwa kawaida kwa siku 14. Anayepewa bila sababu, au akaacha katikati, huwafunza bakteria ukaidi.

Chanzo cha pili hutajwa mara chache, nacho huenda kimo katika kabati la huduma ya kwanza la shule. Aspirini, ibuprofeni na diklofenaki hutuliza maumivu kwa kuzuia prostaglandini. Kwa bahati mbaya, prostaglandini hizo hizo ndizo zinazohimiza tumbo kutoa ute wake. Msichana anayemeza vidonge hivyo kila mwezi, au mtoto mwenye ugonjwa wa selimundu anayevihitaji mara kwa mara, yafaa daktari wake ajue kila anachomeza. Sisemi aache dawa aliyoandikiwa. Nasema tu kwamba kumpa diklofenaki mwanafunzi anayelalamika tumbo ni kutia chumvi katika jeraha ambalo huenda lipo. Parasetamoli haiudhuru ute kwa namna hiyo.

Na njaa je? Mtoto aliyetoka nyumbani alfajiri bila kunywa uji, akakaa darasani hadi saa nane mchana, ana kila sababu ya kuumwa tumbo. Hiyo ni njaa, na iitwe njaa. Tukiipa jina la vidonda tunawaondolea lawama wakubwa waliopaswa kumlisha, tunamtwika mtoto ugonjwa asio nao. Wengine wana minyoo, choo kigumu, au hofu ya mtihani, na kila moja ina tiba yake.

Vidonda vya kweli kwa watoto si vingi, lakini vipo, na vyaweza kuua kwa kutoka damu. Mwanafunzi akitapika damu, au matapishi yanayofanana na unga wa kahawa, au akipata choo cheusi kama lami, apelekwe hospitali saa ile ile, hata kama maumivu yametulia. (Vidonge vya madini ya chuma navyo huweka choo weusi, mwulizeni kwanza kama anavitumia, lakini mkiwa na shaka, mpelekeni.) Maumivu yanayomwamsha usiku, kukonda, na viganja kupauka vyahitaji daktari katika siku chache. Mwalimu anayeandika barua ya kumpeleka asiandike "ana vidonda vya tumbo." Aandike maumivu yalianza lini, huja saa ngapi, na ni vidonge gani mtoto huyo amekuwa akimeza.