Umeme wa Rusumo na Kasumba ya Wasomi wa Vitufe

Wapo watu, na miongoni mwao wamo walimu, wanaodai kwamba mwanafunzi wa kompyuta hana haja ya kufundishwa sumakuumeme. Kazi yake, wanasema, ni kuandika programu. Mambo ya uga wa sumaku na mawimbi yaachiwe mafundi wa umeme. Dai hili ni la hatari, na anayetaka ushahidi na aende Rusumo.

Pale, mpakani mwa Wilaya ya Ngara, maji ya Mto Kagera huzungusha mitambo ya megawati 80, ambazo Tanzania, Rwanda na Burundi zinagawana sawasawa. Ushirikiano huo una mizizi mirefu, kwani Mkataba wa Bonde la Mto Kagera ulitiwa sahihi hapo hapo Rusumo mwaka 1977. Ndani ya jenereta inafanya kazi kanuni aliyoigundua Michael Faraday mwaka 1831: uga wa sumaku unaobadilika ndani ya koili ya waya huzaa umeme. Transfoma huupandisha umeme huo hadi kilovoti 220, nao husafirishwa hadi Nyakanazi, Wilaya ya Biharamulo.

Je, njia kubwa za umeme za namna hiyo hulindwa na nani siku hizi? Hulindwa na kompyuta. Vifaa vya ulinzi hupima mkondo na volti mara nyingi katika kila mzunguko wa milisekunde 20, na programu huamua kama umeme ukatwe au uachwe. Mwandishi wa programu asiyejua kwamba mkondo mkubwa unaweza kuzaa umeme katika waya wa mawasiliano ulio jirani ataona tarakimu zilizovurugika. Atatafuta kosa katika programu yake usiku kucha, wala hatalipata, kwa kuwa halimo.

Watajibu kwamba si kila msomi wa kompyuta atafanya kazi ya umeme. Ni kweli. Lakini kumbukumbu kuu ya kompyuta yenyewe ni chaji ndogo za umeme zinazovuja, ambazo hazina budi kuhuishwa kila baada ya milisekunde chache. Na kompyuta inayopiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde humwachia mwanga nafasi ya sentimita 10 tu kati ya pigo na pigo. Hakuna programu, hata ikiandikwa kwa ustadi gani, iwezayo kuivuka mipaka hiyo.

Hata hivyo, chuki ya wanafunzi kwa somo hili haikuzuka bure. Wamekaririshwa milinganyo ya Maxwell kama kasida, wakaitapika kwenye mtihani, wakaisahau. Dawa ya ufundishaji mbovu si kulifuta somo. Mwanafunzi na apewe kwanza koili, sumaku na kipimo cha mkondo, aone sindano ikicheza. Kisha afundishwe chaji, mawimbi na kinga dhidi ya mwingiliano. Hesabu zifuate zikieleza alichokwisha kukiona.

Waraka wa Elimu ya Kujitegemea wa mwaka 1967 ulipinga elimu inayomtenga msomi na maisha ya jamii yake. Msomi ajuaye kubonyeza kitufe tu atabaki mtumwa wa yule ajuaye kwa nini kitufe kinafanya kazi. Taifa lililojenga Rusumo pamoja na jirani zake halistahili wasomi wa namna hiyo.