Samaki Mmoja Akioza

Methali husema kwamba samaki mmoja akioza wote wameoza. Maneno haya yanafaa katika soko la Gikomba, ambako mnunuzi ana ruhusa ya kulikataa tenga zima kwa harufu ya samaki mmoja. Lakini methali hiyo ikitolewa sokoni ikapelekwa katika kituo cha polisi hugeuka kuwa sumu. Kwa kuwa wanadamu si samaki, wala mtaa si tenga. Tuipime, msomaji, kwa mambo yaliyoipata mitaa ya mashariki ya Nairobi.

Kwanza tukiri kwamba hofu ina sababu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lililipuka penye Ubalozi wa Marekani mjini Nairobi likaua watu zaidi ya 200. Mwezi wa Septemba 2013 watu 67 waliuawa katika jengo la Westgate. Tarehe 31 Machi 2014 milipuko iliua watu sita Eastleigh kwenyewe. Serikali isiyowakinga raia na wauaji wa namna hii haistahili kuitwa serikali. Katika hilo hatuna ugomvi na mtu yeyote.

Ugomvi wetu ni juu ya njia iliyofuatwa. Mwezi wa Aprili 2014 ulianza msako ulioitwa Usalama Watch. Polisi waliingia Eastleigh wakabisha milango usiku, na watu wapatao 4,000 wakakamatwa. Wengi wao walikuwa Wasomali, wakimbizi kwa raia, wazee kwa watoto. Kituo cha Pangani kilijaa, hata uwanja wa michezo wa Kasarani ukageuzwa mahali pa kuzuilia watu. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 49, yaamuru kwamba aliyekamatwa aelezwe sababu kwa lugha anayoielewa, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita. Mamlaka Huru ya kusimamia polisi ilichunguza msako ule, ikaona kwamba haukuendeshwa kwa kufuata sheria.

Wako wasemao, "Asiye na hatia ana hofu gani?" Swali hili ni jepesi kwa asemaye akiwa kitandani pake. Mama aliyetolewa nyumbani usiku, akaulizwa karatasi ambazo amekwisha kuzionyesha, hakuogopa kwa sababu ana hatia. Aliogopa kwa sababu kutokuwa na hatia hakukumfaa kitu. Na hapo alipo askari mwenye uwezo wa kukamata bila sababu, hongo haiko mbali: uhuru huuzwa mlangoni, maskini akalala korokoroni, na mhalifu mwenye fedha akaenda zake.

Wako tena wasemao kwamba haki ni anasa ya wakati wa amani. Je, kuivunja kulileta amani? Tarehe 16 Mei 2014, majuma machache baada ya msako kuanza, mabomu yalilipuka Gikomba, si mbali na Eastleigh, yakaua watu wasiopungua 10. Wavu ulikuwa umevua maelfu, lakini mwuaji hakuwamo. Mgeni mbaya hujulikana kwanza na jirani yake: mwenye nyumba, mwuza duka, kijana wa kibarazani. Hao ndio macho ya polisi. Ukiwapiga na kuwadharau, umeyatoboa macho yako mwenyewe, kisha unalaumu giza.

Isitoshe, mitaa hii ilikwisha kuonja dawa hiyo zamani. Tarehe 24 Aprili 1954 serikali ya kikoloni iliuzunguka mji katika operesheni ya Anvil, chini ya Jenerali George Erskine. Wakikuyu, Waembu na Wameru walitengwa na wenzao kwa kabila, na maelfu wakapelekwa Lang'ata, Manyani na Mackinnon Road pasipo kushtakiwa mbele ya hakimu. Tuliita jambo hilo dhuluma, na lilikuwa dhuluma. Basi dhuluma haigeuki kuwa hekima kwa kuwa mtendaji wake sasa ni ndugu yetu na mtendewa ni kabila jingine.

Dawa iliyo bora ipo. Polisi na wapeleleze, wamfuate mtu kwa matendo yake, wamkamate kwa ushahidi, wamfikishe mahakamani. Sheria nazo zisiwe juu ya Katiba: tarehe 23 Februari 2015 Mahakama Kuu ilibatilisha vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa Desemba 2014, na Kenya haikuanguka kwa hukumu hiyo.

Nawe msomaji, kesho huenda ukavaa sare ya askari, au ukaketi bungeni, au ukawa mwananchi tu mwenye kura moja. Popote utakapokuwa, uliza kila mara swali hili: mtu huyu ametenda nini? Ukijibiwa jina la kabila lake au la mtaa wake, jua kwamba hujajibiwa.