Mtoto Akiuliza Habari za Dinosaria

Kuna maswali ya watoto yanayowatia wazazi kigugumizi. Lile la "mimi nilitoka wapi" tumeshalijadili mpaka basi. Leo nakuletea la dinosaria. Usicheke! Mtoto kaangalia katuni, anauliza, "Baba, hawa waliishi wapi?" Baba macho kwenye simu, anajibu, "Huko Ulaya." Imetoka hiyo. Mtoto anaondoka akiamini kila kitu cha ajabu ni cha watu wengine.

Sasa sikia. Ukiwa Kibiti, pale vijana wanapokimbilia mabasi na vifuko vya korosho, endelea na barabara ya kusini. Vuka Mto Rufiji kwa Daraja la Mkapa, twende mpaka mkoa wa Lindi. Huko kuna kilima kinaitwa Tendaguru. Kati ya mwaka 1909 na 1913, enzi za Mjerumani, ilichimbwa pale mifupa ya dinosaria zaidi ya tani 200. Wenyeji waliibeba vichwani na mabegani, kwa miguu, hadi bandari ya Lindi. Kiunzi kimoja kilisimamishwa Berlin mwaka 1937, na hadi leo kiko makumbusho kule. Kina zaidi ya mita 13 kwenda juu. Twiga wawili wakipandiana hawakifikii!

Na aliyewasimamia wachimbaji alikuwa mwenzetu, Boheti bin Amrani. Mwaka 2007 wanasayansi walimpa dinosaria mmoja wa Tendaguru jina la Australodocus bohetii, kwa heshima yake. Watoto wangapi wa Pwani na Lindi wanalijua jina hilo? Wazazi je?

Dada yangu ameolewa Kibiti. Mwanawe, yuko darasa la nne, ni bingwa wa maswali. Siku moja shemeji akamkatisha, "Wewe nawe, kula ulale!" Mie sikusema neno mbele ya mtoto. Kesho yake nikamchukua mpaka Nyamisati, kwenye mikoko ya delta. Maji yametoka, tope limebaki. Akachokoa na kijiti, akakuta gamba la kaa limezama.

"Mama mdogo, huyu naye atageuka jiwe?"

Swali hilo, wapenzi, halihitaji digrii. Nikamwambia kwamba wengi huoza au huliwa, wakaisha kabisa. Mmoja mmoja hubahatika kufunikwa haraka na tope. Mto unaleta tope jingine juu yake, na jingine, miaka nenda rudi. Maji yenye madini yanapenya kwenye mfupa, taratibu unakuwa kama jiwe. Hicho ndicho kisukuku. Tendaguru nayo ilikuwa karibu na bahari zamani hizo, ndiyo maana miamba yake ina magamba ya viumbe wa baharini pia. Mtoto wa delta anakanyaga somo lenyewe kila siku!

Kilichobaki ni muda. Ukimwambia mtoto "miaka milioni 150" atakukodolea macho tu. Tumia shanga. Ndiyo, shanga hizo hizo, ila za kazi hii kanunue mpya! Shanga moja ni miaka milioni moja. Mtungieni uzi mkianzia leo mkirudi nyuma. Binadamu kama sisi tuna miaka kama 300,000, hata theluthi ya shanga ya kwanza hatufikishi. Zile nyayo za Laetoli ziko kwenye shanga ya nne. Shanga ya 66, jiwe kubwa kutoka angani liliipiga dunia kule Meksiko na dinosaria wakatoweka, wakabaki ndege tu. Mjusi wa Tendaguru yuko kwenye shanga ya 150 hivi. Umri wa dunia nzima? Shanga zaidi ya 4,500. Mtamaliza duka!

Tulipokuwa tunatunga, shemeji alijifanya anasikiliza redio. Tulipofika shanga ya 80, akasogeza kigoda. "Leteni hapa, mnahesabu ovyo." Ikawa baba na mwana mpaka taa ikawashwa. Dada yangu jikoni anatabasamu peke yake.

Akina baba, mtoto anayekuuliza anakuheshimu, anaamini unajua. Usipojua, mwambie "twende tukatafute wote." Ukimkatisha leo kwenye dinosaria, kesho akiwa na jambo zito la ujana wake hatakuletea. Atampelekea nani? Jijibu mwenyewe.

Mifupa ilishapanda meli zaidi ya miaka 100 iliyopita. Habari zake bado ni zetu, na kuzisimulia hakuna nauli. Mwezi huu mnunulie shanga. Na Jumapili mkila kuku, mwonyeshe ile miguu yenye magamba, umwambie ni ndugu wa nani.

Tukutane mwezi ujao, panapo majaliwa.