Mti wa Wollemi Haukujiokoa

Mwaka 1994 David Noble, askari wa hifadhi, alishuka kwenye korongo la Hifadhi ya Taifa ya Wollemi nchini Australia akakuta miti asiyoijua. Tangu hapo maneno mengi yamesemwa juu yake, na mengi hayana mizizi.

Kwamba ni msonobari: hapana. Ni wa jamii ya araukaria, ndugu wa ule mti wa Norfolk unaopamba bustani zetu. Hilo halimdhuru mtu, tulipite.

Wengine husema mti ulioishi na dinosaria hauwezi kushindwa na karne hii. Ni kweli kwamba chavua inayofanana na yake imekutwa kwenye miamba ya miaka takriban milioni 90. Lakini leo porini imebaki miti iliyokomaa isiyofika 100, na vipimo vya vinasaba vinaonyesha kwamba inakaribia kufanana kabisa. Ugonjwa ukiuweza mmoja, mingine yote iko hatarini.

"Mbona miche inauzwa?" Inauzwa, na vizuri. Ilianza kuuzwa katikati ya miaka ya 2000, kwa sehemu ili wezi wa miche wasiwe na haja ya kulitafuta korongo. Hiyo ni akiba ya bustanini. Mche uliomo chunguni Ulaya haumwagi mbegu Wollemi.

Lawama inayonikera zaidi ni kwamba wataalamu wanaficha mahali penyewe kwa uchoyo. Mwaka 2005 kimelea cha fitofithora, kinachoozesha mizizi, kilikutwa huko huko porini. Hukaa udongoni na husafiri kwenye tope la viatu, ndiyo maana hata watafiti wenyewe hutakasa viatu kwa dawa kabla ya kuingia. Mtalii mmoja anayetaka picha anatosha kukipeleka kwenye shina ambalo bado halijaguswa.

Halafu kuna moto wa 2019 na 2020. Miti mingi ilipona, basi watu wakahitimisha kwamba moto hauiwezi. Yenyewe isingefua dafu. Ndege zilimwaga dawa ya kuzuia moto kuzunguka korongo, na wazima moto wakateremshwa kwa helikopta kufunga mitambo ya kunyunyizia maji ardhini. Pamoja na yote hayo, baadhi ya miti iliungua. Anayedai mti ulijiokoa akawaulize walioteremshwa humo huku msitu ukiwaka.