Neno la Mhariri: Nani Mwenye Kutoza?

Makala tano kati ya zilizoletwa mezani pangu kwa ajili ya toleo hili zimeanza kwa swali moja, nalo ni kama utetezi wa haki za wanawake ni mti uliomea katika ardhi yetu au ni mche ulioletwa na wageni. Na zote tano, baada ya kurasa nyingi za ufasaha, zimerejea pale pale zilipoondokea, tatu zikisema mgeni na mbili zikisema mwenyeji, kila upande ukimwita Mwana Kupona kuwa shahidi wake, kana kwamba bibi yule wa Pate, aliyemwachia binti yake wasia wa utenzi mnamo mwaka 1858, alikuwa wakili wa kukodiwa. Nimechapisha mbili. Tatu zilizosalia nimezirudisha kwa wenyewe pamoja na shukrani, nami nakiri kwamba shukrani hizo zilikuwa nyingi kuliko subira yangu.

Hapa Babati neno Beijing limegeuka kuwa mzaha wa vijiweni: mke akikataa jambo, huambiwa ameingiwa na mambo ya Beijing, na msemaji husahau, au hakupata kujua, kwamba katibu mkuu wa mkutano wa dunia wa wanawake uliofanyika Beijing mwaka 1995 alikuwa Gertrude Mongella, mzaliwa wa Ukerewe. Lakini hata hujja hiyo siipendi sana, kwa kuwa nayo yatubakiza katika ugomvi wa nasaba, ilhali lipo jambo karibu nasi zaidi ambalo hapana hata mmoja wa waandishi wale watano aliyeligusa.

Panda gari stendi, shika njia ya Singida, ushukie Katesh chini ya mlima Hanang. Wabarbaig wa huko, ambao wengi wetu mjini twawajua kwa mikuki na mavazi ya ngozi tu, walikuwa na baraza la wanawake walioliita girgwageda gademga, ambalo mtaalamu wa mila George Klima aliliandika mwaka 1964 kwa mshangao usiofichika, kwa maana alikwenda kuwatazama wafugaji wanaosifika kwa ubabe wa wanaume wao akakuta wanawake wakiwahukumu wanaume hao. Mwanamume aliyemvunjia mke heshima yake, na hasa katika yale yahusuyo uzazi, alikuwa na kesi ya kujibu mbele ya wanawake walioketi peke yao; wakimtia hatiani humtoza mnyama katika zizi lake; na akifanya ukaidi, yeye aliyekuwa haogopi simba, huapizwa na mama wengi kwa pamoja, jambo ambalo hapana ndugu wala rafiki aliyekuwa tayari kulishiriki naye.

Angalieni vizuri nguvu ile ilikuwa wapi. Haikuwa katika kualikwa, wala katika kutengewa nafasi, wala katika kusikilizwa kwa taadhima na wenye kikao; ilikuwa katika uwezo wa kumtoza mkosaji kitu ambacho moyo wake unauma kukitoa. Kwa kipimo hicho ndipo napenda tuyapime mengine. Katiba yetu inataka wabunge wanawake wa viti maalumu wasipungue asilimia 30 ya wabunge wengine, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inataka baraza la ardhi la kijiji liwe na wajumbe saba, watatu kati yao wanawake. Ni mambo mema, sikatai. Hata hivyo nimehudhuria vikao vya watu saba ambavyo watatu wale wameketi karibu na mlango, aghalabu wakiulizwa rai yao pale ambapo muhtasari umekwisha kuandikwa. Na wanawake walipojikusanyia baraza lao wenyewe, yaani BAWATA, lililoanzishwa mwaka 1995 likiongozwa na Anna Tibaijuka, lilifutiwa usajili mwaka 1997. Dola iliyogawa viti kwa mkono mkunjufu iliona shaka mbele ya baraza ambalo haikulitoa yenyewe, na shaka hiyo, kwa maoni yangu, ilikuwa ni heshima kubwa kuliko viti vyote.

Nisidhaniwe kuwa nawatamani wazee wa kale. Baraza la girgwageda lilimweza mume, likamweza kaka na shemeji, lakini halikuliweza shirika. Mashamba ya ngano ya serikali yalipoanzishwa huko Hanang kwa msaada wa Kanada, na zaidi ya ekari 70,000 za malisho zikaingia katika majembe ya matrekta, hapakuwa na zizi la kutozwa wala mtu wa kuapizwa: aliyetia sahihi alikuwa ofisini, mbali, na kesho yake amehamishwa. Mwanamke wa Kibarbaig aliyekuwa na sauti kwa kila aliyemjua kwa jina alijikuta hana sauti kwa asiyemjua, na tangu hapo watu wa miradi wamekuja mara nyingi kumfundisha kujieleza.

Akitokea mtu akiniuliza baraza lile limehamia wapi, sitamwelekeza kwenye semina za hotelini. Nitampeleka Jumamosi alasiri nyuma ya nyumba fulani humu mjini, ambapo wanawake wa kikoba, Wairaqw kwa Wagorowa, Warangi kwa Wabarbaig, wameketi kulizunguka sanduku la chuma lenye kufuli tatu, kila ufunguo una mshikaji wake, wala hapana hata mmoja awezaye kulifungua peke yake. Wana katiba yao, wana hisa zao, na juu ya yote wana faini: ya kuchelewa, ya simu kuita kikaoni, ya kumkatiza mwenzio maneno. Mke wangu alitozwa shilingi elfu moja kwa kuchelewa, naye alichelewa kwa sababu mimi nilitaka chakula changu kabla hajatoka. Alilipa bila ubishi, akarejea nyumbani, akaninyooshea kiganja, nami nikaitoa elfu ile nikitambua kuwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, pamoja na ukubwa wake, haikuwahi kunifikia upesi kiasi hicho.

Kati ya makala nyingine za toleo hili, ile ya wakili juu ya kesi ya Bi Hawa Mohamed ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango katika mali ya ndoa, isomwe na kila mwenye mke. Tena asomaye asiruke ukurasa wa mwisho, unaoeleza kwamba kanuni ilishinda na Bi Hawa mwenyewe akatoka mikono mitupu. Mwandishi wa Magugu ameeleza mikopo ya kausha damu kwa hasira iliyo haki. Mwalimu wa Dareda ameandika juu ya wasichana na hisabati. Mashairi ni mawili, moja zuri.

Imebaki makala ndefu kuliko zote, iliyoandikwa na muuguzi, juu ya ukeketaji, jambo ambalo kwalo utafiti wa afya wa mwaka 2022 ulizikuta Manyara yetu na Arusha zikiongoza nchi nzima, kila moja kwa asilimia 43 ya wanawake wa umri wa kuzaa. Sheria ya mwaka 1998 imekataza wasichana walio chini ya miaka 18 wasikeketwe, nao sasa wanakeketwa wachanga, kwa siri. Muuguzi huyu anasema kwamba wembe uko mkononi mwa wanawake, siku inapangwa na wanawake, na msichana aliyekataa anatozwa na wanawake, kwa kutengwa na kusimangwa hata aolewapo. Haijui hoja yangu ya girgwageda, wala hakuiandika makala yake kwa kunijibu. Nimeisoma mara tatu nikitafuta mahali pa kumpinga, na inachapwa hapa bila kupunguzwa neno.